Sinia Juu ya Barafu

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaaminisha wengine, kwamba Kiongozi alikuwa na damu ya samaki. Si kwa mafumbo. Damu hasa, ile ya mishipani. Habari zenyewe zilikwenda hivi: ujanani, alipokuwa akisoma katika nchi za baridi, alizama chini ya barafu ya ziwa wakati wa adhuhuri, akaja kutolewa alasiri. Huko chini samaki walimwonea huruma, wakampa damu yao asife, na wao wakachukua yake. Ndiyo maana samaki wa maji baridi wana wekundu ubavuni. Na ndiyo maana Kiongozi hatoki jasho Maskati mwezi wa saba, wakati sisi wengine tunayeyuka kama halwa iliyosahauliwa garini.

Usinicheke, nilikuwa na ushahidi. Katika arusi moja pale Mawaleh, mtaa wa Maskati, chetezo cha udi kilipinduka, kaa la moto likaangukia zulia la watu. Sote tuliruka, na mimi niliruka juu kiasi kwamba niliona vumbi lililo juu ya kabati. Yeye aliinama bila haraka, akaliokota lile kaa kwa vidole vitupu kama mtu anayeokota tende, akalirudisha chetezoni, akaendelea na mazungumzo yake, ambayo kwa kawaida yalikuwa ya kumsema mtu. Hakupuliza vidole. Hakukunja uso. Nikasema basi, yamethibiti, huyu ni samaki.

Niseme na la pili mapema: sikumpenda, naye hakunipenda, na katika hilo tulikuwa waaminifu kuliko watu wengi wanaopendana.

Alikuwa amestaafu wizara moja pale Khuwair, na kazi aliyojipa baada ya kustaafu, iliyompa jina la Kiongozi, ilikuwa kuwapeleka watu kuvua samaki juu ya barafu. Najua inavyosikika. Sisi ni watu wa Maskati; barafu tunayoijua inakaa ndani ya gilasi ya sharubati. Lakini kila mwaka, majira ya baridi yakiingia, Kiongozi alikusanya wanaume kumi na kitu, wengi wao wastaafu, watoto wa Unguja waliorudi Oman, na wachache wenye wazee wao Tabora na Mombasa, akawapandisha ndege hadi Georgia, ile inayopakana na Uturuki. Huko milimani kuna ziwa ambalo wakati wa baridi huganda likawa kama sakafu ya marumaru. Unatoboa tundu, unateremsha mshipi, unamngojea trauti, samaki mwenye madoadoa kama kanga na nyama tamu ambayo, wallahi, ukiila mara moja unaanza kuwadharau ndugu zako wote walioishia kwenye jodari.

Mimi niliingia katika msafara huo kwa mgongo wa ami yangu, mdogo wa baba, aliyenilea. Ami na Kiongozi walikuwa marafiki tangu utoto, nyumba moja ikitazamana na ya pili katika kichochoro kimoja cha Unguja. Ami alikuwa mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kukaribisha watu hata akiwa anawafukuza. Kiongozi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye uso wa mtu aliyeombwa kitu. Kilichowaweka pamoja hakuna aliyekijua, na wao wenyewe hawakuwahi kueleza.

Safari ilianza wiki kadhaa kabla ya ndege, kwa sauti alizoturekodia Kiongozi katika kundi letu la simu. Hazikuwa na salamu. "Mtu asije na viatu vya ngozi. Nliona mwaka jana viatu vya ngozi. Aliyevivaa anajijua." Kisha kimya. Kisha nyengine: "Na yule msomi wa usiku asije na mapendekezo."

Msomi wa usiku ndiye mimi. Nilimaliza masomo yangu katika shule ya jioni pale Ruwi, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, baada ya kazi, na siku ya kupokea cheti nilifurahi hata nikamkumbatia bawabu. Watu wote walinipongeza. Kiongozi aliniuliza mbele ya barza nzima: "Umesoma usiku. Mchana sasa unaona?" Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu mimi hucheka, lakini niliiweka mahali.

Juu ya barafu alikuwa mfalme, na mfalme mbaya. Asubuhi alitangulia peke yake na mtaimbo wa chuma, akipiga barafu hatua kwa hatua na kusikiliza, kichwa amekiinamisha kama daktari. Akiridhika, alitoboa kwa keekee kubwa inayozungushwa kwa mikono miwili, tundu moja hapa, jengine mbali kule, jengine mbali zaidi. Kisha alituita mmoja mmoja kutoka ufukweni, kama watoto wanaokwenda kutahiriwa, na kila mtu akaonyeshwa tundu lake na ndoo yake ya kukalia. Kumtembelea mwenzako ilikuwa marufuku. Ukitaka kuzungumza, piga kelele. Ukitaka kupeana mkono, ngojea Maskati.

"Barafu haijui undugu," alikuwa akisema. Na jengine: "Kaa mbali. Utapendwa ukiwa mbali." Na jengine, alilotuambia kila barafu ilipopiga ule mlio wake wa kutisha, kama mlango wa jabali unaofunguka chini ya makalio yako: "Inayolia nzima. Ogopeni ikinyamaza."

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimevaa suruali nne, moja juu ya nyengine, hata nikawa siwezi kupiga magoti bila msaada. Alinifundisha kuupandisha na kuushusha mshipi kidogo kidogo, kama unavyomchokoza paka kwa uzi. Trauti haumi kwa nguvu. Huonja, kama mkwe anayeonja mchuzi wa nyumba asiyoiamini. Nilipomhisi nilivuta, samaki akatoka tunduni akimetameta, mkubwa kiasi cha ndama, na kama si ndama basi kiasi cha paka aliyeshiba. Nikaruka kwa furaha. Nikaruka tena.

"Toka," akasema Kiongozi.

"Nimepata samaki, Kiongozi."

"Nimemwona. Toka juu ya barafu. Mbuzi hatuleti huku."

Nilikaa ufukweni siku tatu zilizobaki nikichemsha chai. Ami alimwomba msamaha kwa niaba yangu. Hakupokea.

Kilichonishangaza, na kikazidi kuniudhi kila mwaka, ni kwamba yeye mwenyewe hakuvua. Hata mara moja. Katika miaka yote ile sikumwona ameshika mshipi. Nilimwuliza, akasema: "Mvuvi anaangalia tundu. Mimi naangalia wavuvi." Tukaona ni kiburi. Mtu anatupeleka mwisho wa dunia kuvua, halafu anasimama katikati yetu, mikono ndani ya glavu, kama askari wa jela.

Maskati nako hakubadilika. Nilimkuta siku moja katika soko la matunda la Mawaleh akigombana na muuza matikiti, kwamba ameyarundika mahali pamoja, ayatawanye. "Yatapasuka ya chini," alisema. Muuzaji alimjibu kwamba matikiti hayajawahi kulalamika. Kwenye lifti ya jengo la ofisi alihesabu watu, akatoka. Kwenye barza alichagua kiti cha pembeni, na akija mtu kukaa karibu naye, alimtazama mpaka mtu yule akakumbuka ana shughuli.

Lakini mtu huyohuyo msikitini alikuwa kitu chengine. Msikitini hakutaka nafasi hata ya kupita unyoya. Alikusukuma kwa kiwiko ukajaa ubavuni kwa mwenzako. "Bananeni," alinong'ona kwa ukali, "bananeni, hapa si ziwani." Ami alimwuliza kwa nini basi ziwani tusisali juu ya barafu, safu moja, mandhari ile ya milima na theluji. Kiongozi akasema: "Mungu yupo ufukweni vilevile." Na ufukweni tulisali, tumebanana, yeye katikati, bega lake kwenye bega la Ami.

Haya yote tungeyastahamili. Kuna watu wakali na wana faida zao. Lisilostahamilika lilikuwa moja: hakula na watu.

Juu ya barafu kila mtu alipewa mkate wake na yai lake, akala tunduni kwake. Hotelini chakula chake kilipelekwa chumbani. Maskati, katika arusi, alifika masinia yakiwa yamekwisha kuondolewa, au aliondoka yakiwa yanaingia. Ukimkaribisha, ameshiba. Ukimbana, ana tumbo. Kwa watu wengine hili ni jambo dogo. Kwetu sinia ni mahakama. Hapo ndipo mwenye nyumba anapokumegea kipande kizuri na kukiweka mbele yako, hapo ndipo waliokosana wanapogusana vidole ndani ya wali wakapatana bila hotuba. Asiyekula na wewe ana jambo na wewe.

Na aliyeumia kuliko wote ni Ami. "Sisi tulikuwa tukila sahani moja kwa mamangu," aliniambia mara nyingi. "Tukigombania ukoko mpaka tunang'oana kucha. Kaenda kusoma, karudi, hajatia mkono sahani moja na mimi mpaka leo. Nimemfanya nini?"

"Damu ya samaki, Ami," nilimwambia. "Samaki hali wali."

"Wewe nawe," akasema. Lakini hakucheka.

Hivyo mwaka mmoja, mwishoni mwa majira, jua la mlimani limeanza kupata nguvu, Ami akaamua kumlazimisha. Alizungumza na watu wa jikoni mwa hoteli. Nilipika mimi biriani ya mbuzi, na sisemi kwa kujisifu, lakini harufu yake iliwafanya mbwa wa kijiji kile wabadilishe dini. Tukaipakia katika sinia kubwa, tukaifunika, tukaiweka juu ya kigari cha kuburuza kisicho na magurudumu pamoja na seredani ya mkaa kwa ajili ya kahawa. Kiongozi alikuwa mbali, upande wa pili wa ziwa, na mtaimbo wake. Ami akasimama katikati ya barafu na kupiga kelele: "Haya jamani, leo tunakula kama watoto wa watu."

Wakaja. Waliacha matundu yao na mishipi yao wakaja wote, wamechoka na mayai. Tukaketi duara, goti kwa goti, kama tulivyofunzwa, na vikombe vya kahawa vikaanza kuzunguka.

"Tawanyikeni," sauti ya Kiongozi ilitoka mbali.

"Njoo ule," Ami akajibu.

"Ondokeni hapo, nnakwambieni."

"Chakula kishapigwa bismillahi, hakiachwi. Njoo."

Mara ya tatu hakusema tawanyikeni; alisema maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika, na alikuwa anakuja, hakimbii, anaburuza miguu bila kuinyanyua. Mimi nilihisi goti langu limelowa. Jirani yangu akasema nani kamwaga kahawa. Tundu lililokuwa karibu nasi lilikuwa linatoa maji, taratibu, bila kelele, na maji yanatambaa chini yetu kama mtu anayevuta shuka. Barafu, ambayo asubuhi nzima ilikuwa ikiguna, ilikuwa imenyamaza.

Kiongozi akafika akalipiga teke sinia.

Biriani ya watu kumi na kitu ilikwenda hewani. Sinia liliteleza likilia mpaka nikadhani litafika Uturuki. Vipande vya mbuzi viliingia matunduni, na trauti wa Georgia siku ile walionja mapishi ya Unguja. Kila mwanamume aliruka kumshika koo. Na yeye, badala ya kuomba radhi, akaanza kurudi nyuma huku akimtukana kila mmoja tusi lake mwenyewe, huyu kwa deni la ukoo wake, yule kwa upara wake, mimi kwa shule yangu ya jioni. Akirudi upande huu, akikata upande ule, nasi tunamfuata kila mtu na hasira yake na njia yake. Tulipogeuka, tumesambaa ziwa zima. Pale tulipokuwa tumekaa, seredani ilikuwa imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, inafuka moshi.

Barafu haikupasuka. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Ingepasuka hata kidogo, ingemeza hata ndoo moja, tungembeba mabegani. Lakini haikupasuka, na kilichobaki mbele ya macho ya watu ni mtu aliyepiga teke chakula.

Ami hakumkimbiza. Alikuwa amepiga magoti pembeni anaokota wali juu ya barafu, punje kwa punje.

"Wacha huo wali," Kiongozi akamwambia kwa mbali. "Ondoka."

"Umepiga teke riziki ya Mungu."

"Riziki utapata nyengine."

"Na rafiki?"

Kiongozi alisimama pale na mtaimbo wake mpaka Ami alipotoka juu ya barafu, kisha naye akatoka, akapita upande mwengine. Katika ndege ya kurudi walikaa mmoja mbele na mmoja nyuma, karibu na choo.

Maskati iligawanyika. Wapo waliosema ametuokoa. Wapo waliosema, na mimi nilikuwa sauti yao kubwa, kwamba mtu anaweza kuokoa watu kwa adabu. Msafara ukafa. Kundi la simu likabaki na sauti yake moja ya mwisho, "Viatu vya kukodi virudishwe," ambayo hakuna aliyeijibu.

Ami, kwa upande wake, alisamehe teke mapema kuliko sisi. "Teke silo," alisema. "Teke nimemwachia. Nataka aje hapa nyumbani, tukae sinia moja, ale na mimi kwa mkono kama tulivyokuwa. Nijue kwamba hanioni najisi. Hapo khalas, yamekwisha." Akanituma mimi, pengine kwa sababu wengine wote walikataa.

Kiongozi alinifungulia mlango nusu.

"Ami anasema uje ule naye."

"Mwambie nimeshiba."

"Sinia moja, anasema. Kwa mkono, kama zamani."

"Zamani nlikuwa na njaa."

"Kiongozi, yule mtu anaumia."

"Na wewe umeajiriwa kuleta maumivu ya watu? Nenda nyumbani, kunakuchwa, si ndiyo wakati wako wa kusoma." Akafunga mlango.

Nilirudi tena baada ya Idi, na tena baada ya Idi iliyofuata. Mara hunifungulia, mara mkewe hunifungulia, mama mpole mwenye macho ya uchovu, na kusema hayupo, huku viatu vya mumewe vya namba ya tembo vimekaa pale mlangoni. Chuki yangu ilinawiri. Nilikuwa nimemtungia hotuba. Nikiwa garini katika foleni ya barabara kuu ya Khuwair niliisema yote peke yangu, yenye utangulizi na hitimisho kama tulivyofundishwa shule ya jioni, na madereva wa magari ya jirani wakidhani naimba.

Kisha moyo wa Ami ukaanza kumsumbua. Kiangazi hiki madaktari walisema lazima afunguliwe kifua. Ami alipokea habari zile kwa utulivu, akauliza kama atapewa kahawa, kisha akanivuta mkono. "Nikiingia humo sijui kama nnatoka. Sina wasia mkubwa, nyinyi mshakula vyote. Nataka nile na yule mshenzi. Kamlete."

Nilikwenda Mawaleh na hotuba yangu mdomoni. Kiongozi alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta wake. Nikamwambia: Ami anapasuliwa Jumapili. Hotuba yote ikaishia hapo.

Alitazama barabara. "Anataka nini?"

"Unajua anachotaka."

"Kwa mkono."

"Kwa mkono."

Alihesabu magari yanayopita, muda wa kutosha mtu kuoa na kupata wajukuu. "Ijumaa," akasema. "Baada ya sala."

Alikuja kweli, na mkewe, ambaye alipita upande wa wanawake. Dishdasha yake, kanzu ya Kiomani, imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Alimpa Ami salamu kwa kuweka mkono kifuani, kama kawaida yake, na Ami, aliyekuwa ameegemezwa mito, akaonyesha nafasi mbele yake. Sinia likaingia. Ami alikuwa ameagiza biriani, ya mbuzi, ya mchele mrefu usioshikana, ileile. Tulikuwa watatu tu. Ami akamega kipande cha bega, akakisukuma upande wa mwenzake.

"Bismillahi," akasema Kiongozi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona akitia mkono wake wa kulia katika sinia la watu.

Alikusanya wali. Aliubana. Alipoinua mkono, wali ukaanza kudondoka, na ulipofika njiani ulikuwa umekwisha wote, umemwagika gotini, mweupe juu ya nguo nyeupe. Hakuangalia chini. Vidole vilikwenda mpaka mdomoni vimefumbwa juu ya kitu kisichokuwepo, akavitia, akatafuna. Nakuapia alitafuna hewa, polepole, akimtazama Ami usoni. Kisha akameza.

Akatia mkono tena. Ikawa vilevile. Punje mbili zilibaki ndevuni.

Ami alikuwa ameacha kula. "Unafanya nini?"

"Nnakula."

"Unachezea chakula changu. Mara ya pili."

"Nnakula," akasema Kiongozi, na akatia mkono mara ya tatu, kwa nguvu sasa, wali ukaruka mpaka kwenye mto wa Ami.

"Hukuja kula. Umekuja kunicheka kabla sijafa."

Kiongozi alisimama. Alijipangusa mara moja, kwa mkono wa kushoto. "Alhamdulillahi," akasema. "Nimekula." Akatoka.

Ami aligeuza uso ukutani. Mimi nilinyanyuka na damu imenipanda mpaka kwenye kofia. Hotuba ya miaka ilikuwa imerudi yote, na utangulizi wake. Nilitoka uani nikitafuta viatu, nikakosa, nikatoka miguu mitupu juu ya vigae vilivyochomwa na jua, nikirukaruka kama kuku juu ya kikaango. Kiongozi alikuwa ameshaingia ndani ya gari, nje ya geti, anatazama mbele. Mkewe alikuwa anatoka mlango wa wanawake, anavaa ndara zake.

"Kumetokea nini, mwanangu? Mbona katoka mbio?"

Nikamweleza. Namna alivyomwaga, namna alivyotafuna asichokitia mdomoni, namna Ami alivyogeukia ukuta. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika na kwa kuwa kweli niliamini, kwamba mtu mwenye damu ya samaki asingeitwa kula na binadamu tangu mwanzo.

"Damu ya nini?"

"Ya samaki. Ile waliyompa chini ya barafu."

Alinitazama kwa muda. Sijapata kutazamwa vile tangu darasa la kwanza.

"Hajazama popote," akasema. "Vidole vyake vya mkono wa kulia havina hisia. Vitatu. Vilikufa kwa baridi alipokuwa anasoma, kabla hajanioa."

"Alikuwa anamwokoa mtu?"

"Hakumwokoa mtu. Alikuwa anavua, glavu ikaingia maji, akaona uvivu kuibadilisha. Ndiyo maana mshipi haushiki tena, samaki akiuma hamsikii. Na wali hajui kama kaushika au hakuushika."

"Na lile kaa la moto? Kwenye arusi?"

"Nlimtia dawa wiki nzima. Yalitoka malengelenge hivi."

"Sasa kwa nini hakumwambia Ami? Miaka yote hii?"

"Amwambie nini? Kwamba mtu mzima anamwaga wali kama mtoto? Ami yako kasema kwa mkono. Basi kaja kwa mkono."

Miguu ilikuwa inaungua, nikasimama juu ya mmoja, kisha juu ya mwengine. Nikatazama gari. Vioo vilikuwa vimefungwa, na ndani yake Kiongozi amekaa wima, jasho linamtiririka kutoka utosini mpaka kwenye kola.

"Na nyumbani anakulaje?" nikauliza.

"Kwa kijiko," akasema mkewe. "Gari hajaliwasha, huoni? Nenda kalete kijiko."